Shati Lililonukia Sabuni

Siku Chiriku alipoingia dukani bila kusema neno, shangazi yake alijua pana jambo. Mtoto yule alipewa jina hilo akiwa na miaka minne, kwa sababu aliamka anasema, akala anasema, na usiku akiweweseka aliweweseka kwa hotuba nzima. Sasa ana miaka ishirini na mitatu na mdomo haujapata likizo. Kwa hiyo alipopita katikati ya mashuka, akaweka begi lake juu ya meza ya kupigia pasi, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kutazama sakafu, Shangazi aliliachilia shuka alilokuwa analikamua, likarudi majini lenyewe.

"Umefiwa?" akauliza.

"Hapana, shangazi."

"Umefukuzwa kazi?"

"Bado."

"Hiyo bado yako ndiyo siipendi," Shangazi akasema, akajifuta mikono kwenye aproni na kuvuta kigoda.

Duka lenyewe lilikuwa la udobi, chumba kimoja kirefu kilichotazama barabara, na nyuma yake uwanja mdogo wenye kamba sita. Ukutani kulikuwa na chuma kirefu kilichobeba nguo zilizokwisha kazi, kila moja na kikaratasi chake. Pembeni kulikuwa na chuma kingine, kifupi, cha nguo ambazo wenyewe hawajaja kuzichukua. Shangazi alifua. Kupiga pasi ilikuwa kazi ya mzee mmoja mwembamba aliyeitwa Mkunjo, kwa kuwa mkunjo aliouweka kwenye suruali ungeweza kukatia karatasi. Wawili hao walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka kumi na minane bila kukubaliana juu ya jambo lolote isipokuwa wanga. Hapo walikuwa dini moja. Shati bila wanga, kwao, lilikuwa tambara lenye vifungo.

Chiriku alikuwa mtoto wa kaka yake Shangazi, na alilelewa humo humo, kwenye vyumba viwili nyuma ya uwanja wa kamba. Kazi za shule aliziandika juu ya meza ya pasi, upande usio na moto. Alipomaliza akajifunza kukata na kuunga picha za video, na kwa miaka miwili akaunga harusi za watu: bibi harusi anashuka garini, keki inakatwa, wajomba wanacheza vibaya. Mwezi uliopita ndipo bosi wake wa studio alipompa kazi ya maana. Alimpa video ya Kinanda.

Kinanda alikuwa mwimbaji. Si wa kufanya watu wazimie uwanjani, lakini redio zilimjua, na wimbo wake mpya wa kuachwa ulikuwa umewashika hata wenye ndoa njema. Waliuimba jikoni kwa uchungu wa kuazima.

"Ameiona jana," Chiriku akasema. "Unajua kaniambia nini? Kaniambia, wimbo huu niliuandika nikilia, sasa video yake naitazama nikipiga miayo. Amenipa mpaka leo saa kumi. Isipomgusa, bosi anampa mwingine, mimi narudi kwenye keki."

"Keki nayo si mbaya," Mkunjo akasema kutoka kwenye pasi yake.

"Mzee, nimekata keki mia na arobaini. Nikifa, msinikatie hata ya kumbukumbu."

Shangazi alicheka, lakini moyoni aliona kitu kimemkaa vibaya. Alikuwa anaijua sura ile. Ndiyo ile ile aliyokuwa nayo mtoto akiwa darasa la nne, aliposahau shairi mbele ya wazazi wote, akarudi nyumbani akasema kuanzia leo yeye atakuwa bubu. Ububu ule ulidumu mpaka chakula cha jioni. Huu wa leo ulikuwa wa mtu mzima, na wa mtu mzima hauishi kwa chakula.

"Sasa umekuja tukufanyie nini?" akauliza. "Sisi tunajua madoa."

"Mnitazamie. Lakini si kwa kunipenda. Mtazame kama watu wanaosubiri zamu kwa kinyozi. Mkichoka, chokeni."

Akafungua kompyuta yake juu ya meza ya pasi. Mkunjo akaisimamisha pasi wima, akaja kwa heshima kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi.

Video ilikuwa ya dakika nne. Ilianza na mwanamke kijana ndani ya chumba chenye mwanga wa rangi ya majivu. Anaamka, upande wa pili wa kitanda umetandikwa. Anamimina chai kwenye vikombe viwili, anakumbuka, anarudisha kimoja kabatini. Anatoa shati la kiume, jeupe, analileta usoni, ananusa, analia. Hapo rangi zinapata joto: tunarudi nyuma, mwanamume na mwanamke wanacheka sokoni, wanachora mistari kwenye vumbi la kioo cha gari, anambeba mgongoni. Kisha majivu tena. Mwanamume na begi. Mlango. Mvua dirishani. Mwanamke amekaa. Mwisho.

Chiriku hakutazama video. Alitazama nyuso. Kwenye vikombe, Shangazi aliinamisha kichwa kidogo. Kwenye kubebwa mgongoni, Mkunjo alitabasamu kwa upande wenye meno. Kwenye shati, Mkunjo alijikuna sikio, na Shangazi akageuka kuangalia kama maji yanafurika.

"Hapo," Chiriku akasema, akabonyeza kusimamisha. "Hapo ndipo kila mtu anapotoka. Kinanda pale pale ndipo alipopiga miayo. Na hapo ndipo roho ya video ilipo. Binti analia kwa machozi kabisa, nimemkata vizuri, muziki unashuka, kila kitu kiko. Mbona hamlii?"

"Labda sisi wagumu," Mkunjo akasema.

"Wewe ulilia paka wa jirani alipohama."

"Yule paka alikuwa na adabu."

"Turudie polepole," Shangazi akasema. "Utueleze kama unavyotueleza siku zote, hata tukiwa hatujauliza. Pengine ukijisikia mwenyewe utaona."

Basi Chiriku akaanza, na kadiri alivyoendelea ndivyo sauti yake ilivyorudi mwilini. Aliwaeleza kwamba video ya mapenzi haina nafasi ya maneno, maneno yameshachukuliwa na wimbo, kwa hiyo vitu ndivyo vinavyosema. Kikombe cha pili kinasema walikuwa wawili. Mwanamke haambii mtu kwamba amesahau kuwa yuko peke yake. Mkono wake ndio unasahau. Tena aliwaonyesha kwamba mwanamume, tangu mwanzo wa yale majivu, hatujamwona uso. Ni mgongo, bega, kisigino. Uso wake tunao tu kwenye zile picha za joto.

"Kwa sababu huyu mwanamke anaukumbuka uso wa zamani," Chiriku akasema. "Siku anaondoka hakumpa uso."

"Loo," Shangazi akasema taratibu. Miaka yote alidhani watu wa video wanapiga tu panapopendeza. Alisikia raha fulani, ile ya kuona mtoto uliyemfundisha kufunga viatu anakufundisha kutazama. Kama si ile saa kumi iliyokuwa inawasubiri, angesema asubuhi ile ilikuwa asubuhi njema kuliko nyingi.

Wakafika kwenye shati. Chiriku akaipeleka picha mbele kwa vipande vidogo vidogo. Mkono unaingia kabatini. Shati linatoka. Linapanda usoni. Kola inageuka.

Ndani ya kola palikuwa na uzi mwekundu, mishono miwili iliyopishana.

Mkunjo aliona wa kwanza. "Alama yetu ile," akasema, na kifua kikamjaa. "Tazama. Tumetokea kwenye video. Mimi na wewe tuko kwenye video ya Kinanda."

Shangazi alisimama, akasema anakwenda kugeuza mashuka, akatoka uwanjani ambako mashuka hayakuwa yanahitaji kugeuzwa.

Alikuwa amekumbuka. Siku moja kabla ya kupiga picha, Chiriku alitumwa kupeleka begi la nguo za waigizaji. Alilala nalo nyumbani, akaliweka kitini, akasema, "Nguo za video hizo, shangazi," akaenda kulala. Shangazi akafungua tu ili aone. Akakuta gauni, fulana, na shati jeupe la kiume lililovaliwa likachoka, kola imeingia weusi, makwapa ya manjano, limekunjamana kama karatasi ya maandazi. Damu ikamwenda mbio. Mtoto wa dobi apeleke nguo chafu mbele ya kamera, watu waseme analelewa na nani? Aliamka alfajiri. Alilisugua kola kwa mkono, akaliloweka, akalisuuza mara tatu, akalitia wanga, na kwa mazoea akashona uzi mwekundu ndani ya kola lisipotee kati ya mengine. Mkunjo alipofika alilipiga pasi la kwanza kabla hata ya kuvua kofia. Wakalirudisha begini, na Shangazi hakusema neno, kwa kuwa wema ukitangazwa unakuwa tangazo.

Sasa, akiwa amesimama kati ya mashuka mawili, aliliona jambo lote kama doa kwenye jua. Shati lile lilikuwa chafu kwa makusudi. Mtu alilivaa siku kadhaa ili liwe na mwili ndani yake. Yeye akautoa mwili, akaumwaga kwenye mtaro, akaweka wanga. Ndiyo maana hakuna aliyelia. Nani atamlilia mwanamke anayenusa shati lililotoka kwa dobi?

Angeweza kunyamaza. Chiriku hakujua, Mkunjo hakukumbuka, na yule binti mwigizaji alikuwa amekwisha safiri. Lawama zingemwendea na zisingemuumiza. Lakini mtoto angerudi kwenye keki akiamini mikono yake ndiyo mibovu. Mkono ukiamini ni mbovu, unakuwa. Alivuta pumzi. Alijikaza kisabuni, kama wasemavyo, akaingia ndani.

"Chiriku, mama yangu," akasema. "Lile shati nililifua mimi."

"Lipi?"

"Hilo. Lilikuwa chafu. Nililifua alfajiri ya siku yenu."

Chiriku akageuka taratibu. "Lilikuwa chafu kiasi gani?"

"Kiasi cha kutosha."

"Shangazi. Ulitia wanga?"

"Kidogo."

"Vikombe viwili," Mkunjo akasema, ambaye kumbukumbu ilikuwa imemrudia pasipo kualikwa. "Lilisimama lenyewe mezani. Nikasema huyu mwigizaji atapendeza."

Nje mtu alipita akiburuta mkokoteni. Chiriku alitazama skrini, akamtazama shangazi yake, akatazama skrini tena. "Dairekta aliniuliza, hili ndilo? Nikamwambia ndilo. Akasema, nilifikiri litakuwa limechoka zaidi. Nikamwambia nguo zetu hazichoki." Akafunika uso kwa mikono. Mabega yakatikisika, na Shangazi akadhani analia, mpaka aliposikia kwikwi za kicheko.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Chiriku akasema alipopata pumzi. "Waliosema hivyo walikuwa wanawajua nyinyi wawili."

"Unisamehe," Shangazi akasema.

"Nitakusamehe saa kumi na moja. Sasa hivi sina nafasi." Lakini alimshika mkono aliposema hivyo, na mkono ule ukabaki pale. Kicheko kikamtoka kidogo kidogo kama maji kwenye shuka, ikabaki ile sura ya asubuhi. "Sasa nifanye nini? Kupiga upya haiwezekani. Nikilitoa shati, katikati panabaki shimo. Nikiliacha, ni miayo."

Mkunjo, ambaye hakupenda kuona watoto wameinama, aliingilia kwa alichokuwa nacho. "Mimi ningesema huyo bwana atarudi."

"Bwana gani?"

"Wa kwenye video. Ameacha shati limepigwa pasi. Mtu haachi shati lililopigwa pasi moja kwa moja. Atalirudia."

"Wewe hujui kitu," Shangazi akasema.

"Nimepiga pasi miaka arobaini."

"Umepiga mashati pasi. Wenye mashati hukuwapiga pasi. Chafu ndilo mtu anaweza kulisahau. Limeanguka nyuma ya kitanda, halikumbukwi. Lililopigwa pasi liko mbele ya macho, limetundikwa, linamsubiri aingize mikono tu. Akiliacha hilo, amelitazama kisha akaliacha. Hataki kuvaa kazi ya mikono yako akienda kwa mtu mwingine. Hapo ana aibu kidogo, lakini amekwisha amua."

Alilolisema lilikuwa na uzito kuliko mabishano yao ya kila siku, na Chiriku akalisikia.

"Shangazi, umelitoa wapi hilo?"

Shangazi akakusanya vibanio vilivyokuwa mezani, akavitia kopo, kimoja kimoja. "Mjue alikuwapo mume, kabla wewe hujazaliwa. Mambo ya zamani, hayana hata vumbi tena. Jumapili nilimpigia mashati matano, ya wiki nzima. Jumatatu nimerudi sokoni, mashati matano yako pale yamejipanga kama wanakwaya, yeye hayupo. Ameondoka na la jana yake, lile la jasho. Jirani akaniambia, usijali, vitu vyake vipo, atarudi. Mimi nikayatazama yale matano nikajua."

"Ukafanya nini?"

"Nifanye nini? Nililia. Halafu nikachukua moja nikalinusa, nikitafuta. Nikajikuta nanusa sabuni." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayemkumbuka msichana fulani mjinga aliyempenda. "Nilikuwa najinusa mwenyewe. Kazi yangu mimi. Yeye hakuwamo kabisa. Nikayauza yote matano, nikanunua beseni kubwa la kwanza la duka hili. Kwa hiyo usinionee huruma, mume yule ndiye aliyenipa mtaji."

Vidole vya Chiriku vilikuwa tayari juu ya kompyuta.

"Rudia ulivyosema," akasema. "Ulinusa ukitafuta."

"Nikakuta sabuni."

"Subiri. Subiri, subiri."

Yako mambo ambayo mkataji wa picha huyatupa akisafisha meza yake, na Chiriku, kwa bahati, alikuwa na tabia ya kutotupa kitu. Kipande cha shati kilipigwa mara nne. Alichokitumia kilikuwa cha nne, ambamo binti alitiwa dawa ya macho akatoa machozi. Cha kwanza alikiweka kando kwa sababu mwigizaji "alisahau kulia". Sasa akakifungua. Binti analitoa shati kwa pupa, analileta usoni, anavuta pumzi ndefu. Kisha anasimama. Analitoa shati usoni, analitazama. Ananusa tena, kwenye kwapa, kwenye mkono, kwenye kola. Uso wake unakuwa mtupu, kama mtu aliyeweka mguu kwenye ngazi ambayo haipo. Hakulia kwa sababu hakuna kilichomliza. Yule binti wa watu alikuwa anatafuta jasho la mwigizaji mwenzake akakuta wanga wa vikombe viwili.

"Mungu wangu," Shangazi akasema polepole.

"Hakusahau kulia," Chiriku akasema. "Alishangaa. Na mimi nikamwona mvivu."

Toka hapo wakafanya kazi watatu, ingawa aliyegusa kompyuta ni mmoja. Chiriku alisema ili watu waelewe yule binti ananusa nini, lazima kwanza waone kwamba shati alilitengeneza yeye, na kwamba bwana aliliacha. Akatafuta kipande cha kuondoka. Mwanamume anapita na begi, amevaa fulana, anafungua mlango, anatoka. Alikuwa amekikata pale pale ngoma ilipopiga, kama alivyozoea kwenye harusi: ngoma ikipiga, picha inabadilika, wageni wanafurahi.

"Kiachie kiende," Shangazi akasema. "Mbona unamfukuza?"

Akakiachia. Mlango ukafunga, na nyuma ya mlango, kwenye henga, lilikuwapo lile shati jeupe. Mtu wa mavazi alikuwa amelitundika hapo lisikunjamane, na hakuna aliyelitazama. Mlango ulipogonga fremu shati likayumba, mara moja, mara mbili, likatulia.

"Sekunde tatu," Chiriku akasema. "Nilizikata sekunde tatu hizi nikazitupa."

Mkunjo akasogeza uso karibu na skrini. "Mkono wa kushoto nimeuweka mkunjo sawasawa," akasema.

Ubishi haukukosekana. Mkunjo alitaka shati lionekane mwanzo kabisa. Shangazi alisema hapana, mtu anayeachwa hajui siku hiyo kwamba inaanza, watangulize kicheko. Chiriku aliwasikiliza wote wawili kisha akafanya la tatu. Alianza na vikombe viwili kama ilivyokuwa, akaingia kwenye joto, akaweka pale kitu kidogo alichokipata kati ya mabaki: binti akiwa amesimama mbele ya henga, akinyoosha kola kwa kidole, anangoja kamera iwe tayari, hajui inaona. Ikaonekana kama mke anayemwandalia mume shati. Kisha kuondoka, mlango, shati linayumba. Kisha kabati na ile pumzi ndefu. Shangazi alikumbuka nguo za watu saa saba, akaenda kufua kwa nusu saa, akarudi na mapovu viwikoni kuuliza wamefika wapi.

Saa kumi kasorobo Chiriku alimpigia Kinanda simu kumwambia anamalizia tu kidogo. Kinanda akasema yuko karibu, atapita mwenyewe. Akaja. Alikuwa mfupi kuliko picha zake, amevaa kandambili, na alipoingia aliinama chini ya mashuka kwa adabu kama mtu anayeingia nyumba ya watu.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," Shangazi akasema. "Jitahidi usiguse hilo la bluu, bado bichi."

Hakukaa. Alitazama akiwa amesimama, mikono nyuma. Shangazi alisimama pembeni na kumtazama yeye, kama alivyojifunza asubuhi ile. Kwenye vikombe hakuna kitu. Kwenye kicheko hakuna kitu. Mlango ulipofunga na shati likayumba, alihama mguu. Binti aliponusa mara ya pili, kwenye kwapa, Kinanda akaweka mkono mdomoni, na haukuwa mwayo. Video ikafika mvuani, ikaisha, naye akabaki anatazama skrini nyeusi.

Chiriku alifungua mdomo. Shangazi akamkanyaga kidole.

"Mimi nilikuwa nanusa mto," Kinanda akasema baadaye, kama anayesema na meza. "Kila nikirudi. Siku ya tatu ukawa unanukia mimi." Akakohoa. "Nilitaka kuliweka kwenye wimbo. Sikupata namna ya kuliimba."

Mkunjo alimsogezea kigoda, na sasa akakaa.

"Mvua itoe," akasema akiwa amejifuta uso. "Inatulazimisha. Kwenye shati pale sikulazimishwa, nimekwenda mwenyewe."

"Hata mimi siipendi," Chiriku akasema. "Dairekta ndiye aliyeilipia bomba la maji, nikaona aibu kuitoa."

"Itoe. Malizia kwa huyu binti anavyolirudisha shati kwenye henga. Lipo hilo?"

"Lipo. Analirudisha, analifunga kifungo cha juu."

"Hapo hapo. Kisha itume leo hii, kabla sijaanza kuisikiliza akili yangu." Akatoa simu, akampigia bosi wa studio mbele yao wote, akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikika kwamba kazi imekamilika, iende, na wimbo wa pili akimaliza kuurekodi aukate huyu huyu, asitafutwe mtu mwingine. Kisha akamgeukia Shangazi. "Mama, mimi sijui mmefanyaje humu ndani, lakini asanteni."

"Tumefua tu," Shangazi akasema.

Alipoondoka, Chiriku alitoa mvua. Ilichukua dakika ishirini. Kutuma ndiko kulikochukua muda, maana mtandao dukani ulikuwa wa kuvizia. Walipanga mashuka yaliyokunjwa dirishani, tisa, moja juu ya jingine, wakaiweka kompyuta juu yake kama mgonjwa anayehitaji hewa. Chaji ilikuwa imekwisha, na ukuta ule ulikuwa na tundu moja tu la umeme. Mkunjo alichomoa pasi yake mwenyewe bila kuambiwa. Wakasimama watatu wakitazama namba ikipanda: thelathini, thelathini na moja, ikalala kidogo, thelathini na tatu. Chiriku alikuwa anasema tena, wimbo wa pili, namna atakavyouanza, rangi atakazotumia, kwamba safari hii begi la nguo atalilalia kichwani. Shangazi alimwacha aseme. Mkono wake ulikuwa umetulia mgongoni mwa mtoto, mahali ambapo asubuhi palikuwa pamekaza na sasa pamelegea.

Mlangoni akatokea mteja, bwana mmoja mwenye haraka na mkoba, akauliza kama suruali yake ya kijivu iko tayari, ana kikao saa kumi na mbili.

Shangazi alitazama namba. Arobaini na sita. Alitazama pasi iliyopoa.

"Keti, baba," akamwambia, akimsogezea kigoda. "Umeme una kazi kidogo. Ukipenda, njoo utazame na wewe."